KAHAWA KWA SUKARI, PEMBE KWA MERIKANI: NANI ALIIJUA BEI?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyefanya biashara ya misafara kabla ya kupewa utume na watu wakamwita Mwaminifu.

Ndugu zangu katika imani, siku moja huko Muleba, baada ya darsa, mzee mmoja alinivuta pembeni ya msikiti akaniambia, "Shehe wangu, nina swali dogo." Mwenye kufundisha watu anajua: anayekuja na swali dogo, jiandae.

Swali lenyewe ni hili. Mwezi wa Januari watoto walikuwa wanarudi shule na nyumbani hakuna kitu. Akaenda kwa mwenye duka, akachukua sukari, mchele na madaftari ya watoto. Mwenye duka hakuandika deni kwa shilingi. Aliandika madebe manne ya maganda ya kahawa, yatolewe msimu ukifika. Wakati huo kahawa yenyewe bado ni ya kuhesabia matumaini mtini.

Mzee akamalizia kwa hoja aliyoiamini kabisa: "Mimi sikushika hela, na yeye hakunipa hela. Ni mali kwa mali. Sasa riba itaingilia wapi?"

Nilimpa jibu fupi pale pale, nikamwahidi jibu refu. Leo natimiza ahadi, na nawashirikisha nyote, kwa sababu swali hili si la mzee mmoja. Ni swali la Ihangiro, la Kamachumu, la Kemondo, la Karagwe, na historia yake ni ndefu kuliko tunavyodhani. Naomba mwenye haraka aihifadhi aje kuisoma jioni.

1. NJIA YA KARAGWE

Kabla Bukoba haijawa mji, mkoa wetu ulikuwa tayari kwenye biashara ya dunia. Msishangae.

Misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na kwingineko, ikapanda hadi Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Hapo njia ziligawanyika. Moja iliendelea magharibi kwenda Ujiji. Nyingine iligeuka kaskazini, ikapita Usui, upande wa Biharamulo, ikaingia Karagwe, ikavuka mto Kagera kuelekea Buganda.

Karagwe palikuwa na kituo cha wafanyabiashara kilichoitwa Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipofika kwa Mukama Rumanika, hawakuwa wageni wa kwanza kutoka mbali. Waarabu na Waswahili walikuwa wamewatangulia kwa miaka mingi. Mwaka 1876 Stanley alipopita Kafuro alikuta wafanyabiashara Waislamu wamejenga na kukaa.

Mmoja wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim. Huyu ndiye anayetajwa kuwa Mwarabu wa kwanza kufika Buganda, mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna. Inasimuliwa kwamba alipoona watu wanachinjwa kwa amri ya Kabaka alisimama mbele yake bila woga, akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Allah, na kwamba ufalme anaojivunia amepewa na Allah huyo huyo. Suna alistaajabu, akataka kumjua Mungu huyo aliye mkuu kuliko yeye.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Tauhidi iliingia kwenye baraza la Buganda kwa mdomo wa mfanyabiashara. Hakuwa amebeba kitabu cha fatwa begani. Alikuwa amekuja na mizigo ya kubadilishana. Dini na biashara vilitembea njia moja, na kwa sababu hiyo uaminifu wa mfanyabiashara ulikuwa ndiyo tafsiri ya dini kwa watu waliokuwa hawajui hata kusoma alif.

2. VILIBADILISHWA NINI KWA NINI?

Kilichotoka kwetu na kwa jirani zetu ni pembe za ndovu kwanza. Kulikuwa na ng'ombe, chumvi, na kahawa yetu. Wahaya hawakuanza kuijua kahawa kwa Mzungu. Tulikuwa tunachemsha buni na majani yenye harufu, tunakausha, tunatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa, na waliofanya undugu wa damu waligawana buni mbili zilizokaa ganda moja. Kahawa hiyo ilivuka kwenda Karagwe na Buganda.

Kilichoingia ni nguo, shanga, nyaya za shaba, na baadaye bunduki na baruti. Nguo maarufu kuliko zote ilikuwa merikani. Jina hilo halikuja bure. Ni kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Zanzibar na meli za mji wa Salem. Sayyid Said bin Sultan aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kaniki ilitoka Bara Hindi. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, Italia. Wekundu wa samesame uliwapendeza watu wa bara.

Na pembe ya Karagwe ilikwenda wapi? Ilifika Zanzibar, ikapakiwa kwenda India kuwa bangili za maharusi, na Ulaya na Marekani kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Kwa hiyo mwindaji aliyeua ndovu huku kwetu na mfumaji wa Massachusetts walikuwa wanafanya biashara pamoja bila kuonana. Mmoja alilipwa kwa jasho la mwingine, na katikati huku bara hapakuwa na noti wala sarafu. Hiyo ndiyo biashara ya kimataifa ya mali kwa mali. Mafaqihi wanaiita muqaayadha, na asili yake ni halali. Allah amehalalisha biashara, na hakushurutisha kila muuzaji ashike sarafu.

3. MKONO WA NANI?

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo moto ulipo.

Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili, yaani mikono minane, ni doti. Pembe ilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16.

Ndugu yangu, jiulize swali la kitoto kabisa: mkono wa nani? Mtu mrefu ana mkono mrefu, mfupi ana mfupi. Mwenye nguo akipima anamtafuta nani? Na anayepokea angependa apimiwe na nani? Doti moja ni doti kwa jina, lakini si doti moja kwa kipimo.

Sasa fungua Surat Al-Mutaffifin. Allah ameanza sura nzima kwa kuwatisha wapunjaji: wanaopimiwa na watu wanataka kipimo kijae, na wao wakiwapimia wengine wanapunguza. Aya zile hazikutaja pesa. Zimetaja kipimo na mizani. Kwa sababu mahali pasipo na bei ya kuonekana, kipimo ndiyo bei. Ukikichezea kipimo umeiba, hata kama hukugusa senti ya mtu.

Leo hatupimi kwa mkono. Lakini tuna lumbesa. Tuna debe la kununulia ambalo limegongwa kitako likatanuka, na debe la kuuzia lililobonyea ubavuni. Mkono wa nani? Debe la nani? Swali ni lile lile.

4. MADAFTARI MAWILI

Hapa naomba tutulie, kwa sababu hili ndilo jambo lililonifanya niandike.

Tunasema huku bara walibadilishana mali kwa mali, hakukuwa na pesa. Ni kweli kwa upande mmoja tu. Kule Zanzibar daftari lilikuwepo, na lilikuwa la pesa. Wafanyabiashara wengi wa misafara walichukua nguo na shanga kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na deni liliandikwa kwa riale za fedha. Aliporudi na pembe, pembe ilipimwa, ikatiwa bei ya riale, deni likafutwa au likabaki.

Kwa hiyo yule aliyesimama Kafuro na mzigo wa merikani alikuwa na madaftari mawili kichwani. Daftari la kwanza: nguo hii imenigharimu riale ngapi. Daftari la pili: pembe hii itanipa riale ngapi nikifika pwani. Yule aliyeleta pembe hakuwa na daftari hata moja. Alijua tu kwamba ndovu ni mkali na nguo ni nzuri.

Tuseme kwa mfano tu, si takwimu ya kitabuni: nguo imesimama riale kumi, pembe itauzwa riale hamsini. Mmoja anaziona kumi na anaziona hamsini. Mwingine haoni chochote. Wakishikana mikono na kusema "tumeridhiana", ni kweli wameridhiana, lakini mmoja ameridhia akiwa amefungwa macho.

Ndiyo maana namwambia mzee wangu na kila mwenye hoja kama yake: MALI KWA MALI HAIONDOI BEI. Bei ipo. Ila imekaa kichwani mwa mmoja.

Nisimdhulumu mfanyabiashara wa msafara. Yule naye alilipa wapagazi, alilipa hongo kwa kila mtawala aliyepita kwake, alikabili homa, njaa na vita, na wengine hawakurudi. Faida yake ilikuwa na jasho ndani yake. Na sheria yetu haikuharamisha faida kubwa kwa kuwa ni kubwa. Swahaba Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (SAW) dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume (SAW) hakumkemea. Alimwombea baraka katika biashara yake. Hadithi hii ipo kwa Bukhari.

Basi tatizo si faida. Tatizo ni kuligeuza giza la mwenzako kuwa mtaji wako.

5. MTUME (SAW) NA WANAOPOKEA MISAFARA NJIANI

Jambo hili halikumpita Mtume wetu (SAW). Madina ilikuwa mji wa misafara. Watu wa mashamba na majangwa walileta bidhaa zao sokoni, na wajanja wa mjini walitoka kwenda kuwapokea njiani, wakawanunulia kwa bei ya chini kabla hawajafika na kujua soko linasemaje.

Mtume (SAW) alikataza jambo hilo. Limepokewa na Bukhari na Muslim. Na katika mapokezi ya Muslim kuna nyongeza nzito: mwenye bidhaa akishafika sokoni akajua bei, ana hiari. Akitaka, anavunja mauzo yale.

Mmeona? Walikuwa wameridhiana. Mali ilikuwa halali. Hakukuwa na wizi wala riba ya wazi. Lakini sheria inampa yule wa shamba haki ya kurudi, kwa sababu alipouza hakuwa anajua alichokuwa anajua mwenzake.

Na tazama hadithi nyingine. Mtume (SAW) alimweka mtu kuwa msimamizi Khaybar. Akaja na tende nzuri sana. Mtume akamuuliza kama tende zote za Khaybar ziko hivyo. Akasema hapana, sisi hutoa pishi mbili za tende za kawaida tukapata pishi moja ya hizi. Mtume (SAW) akamzuia, akamfundisha: uza zile za kawaida kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo nunua tende nzuri. Nayo iko kwa Bukhari na Muslim.

Wanazuoni wametoa hapa hukumu ya riba katika tende kwa tende, na hukumu hiyo inajulikana. Lakini tazameni pia hekima: WEKA FEDHA KATIKATI. Fedha ikikaa katikati, bei ya kila upande inatoka gizani. Nimeuza kwa kiasi gani, nimenunua kwa kiasi gani, kila mtu anaona.

6. BIDHAA AMBAYO HAIKUPASWA KUWA BIDHAA

Siwezi kuandika historia ya njia ile nikawafichia sehemu inayouma. Kwenye misafara ile walikuwemo pia wanadamu. Watu waliotekwa katika vita na uvamizi wa vijiji walibadilishwa kwa nguo na bunduki, na waliofanya hivyo walikuwemo Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wageni na wenyeji. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, lakini wengi walikuwa wameshapotea.

Bukhari amepokea kwamba Allah amesema atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Mtu aliyekamatwa kijijini kwake usiku, hana kosa, ni muungwana. Hasimu wa aliyemuuza ni Allah mwenyewe.

Tuliyasema mema ya Ahmed bin Ibrahim kwa Suna, basi na haya tuyaseme. Dini haihitaji uongo wetu kuitetea. Walioibeba dini katika njia ile walikuwa watu. Waliosimamia haki tunawaombea, na waliodhulumu kesi yao iko kwa Mola wao. Sisi tuchukue funzo: soko lisilo na mipaka ya Allah huanza kwa kupunja doti na huishia kwa kuuza watu.

7. FEDHA ILIPOFIKA BUKOBA

Mwishoni mwa mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, aliweka kituo Bukoba. Kodi ya nyumba ilikuja mwaka 1898, na watu wakalazimika kutafuta rupia. Mwishoni mwa 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu. Meli zikaunganisha Bukoba na reli, na reli na Mombasa. Njia ya zamani ya Tabora ikapoteza nguvu. Kahawa ambayo wazee walikuwa wanaitafuna na kumkirimu mgeni ikawa zao la kulipia kodi na karo.

Mtu angedhani fedha ikishafika giza litaondoka. Halikuondoka lote. Mkulima alishika rupia, baadaye shilingi, lakini bei ya kahawa ilijulikana kwa wengine kabla haijajulikana kwake. Ndiyo maana wakulima walijiunga, na mwaka 1950 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, ili kahawa ipimwe kwa mizani moja na iuzwe kwa sauti moja. Vyama vimepita katika misukosuko mingi tangu hapo, na kila mmoja wenu ana simulizi yake. Lakini fikra ya mwanzo ilikuwa sahihi: mkulima apate daftari lake.

Na msidhani mali kwa mali imeisha duniani. Hata mataifa hulipana kwa bidhaa. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970 maduka yalivyojaa bidhaa za China. Sababu mojawapo ilikuwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. China ilitoa mkopo usio na riba, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa njia hii: China ilileta bidhaa, bidhaa zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na fedha iliyopatikana ikalipa mishahara na gharama za ujenzi. Serikali hazikukubaliana gizani. Kiasi kiliandikwa, muda uliandikwa, na bidhaa zilitiwa bei. Mali kwa mali, lakini kwa hesabu iliyo mezani.

8. SASA TURUDI KWA MZEE WETU: BUTURA

Watu wa Kagera mnalijua jina hili. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida imebisha hodi. Wakati mwingine hulipwa kwa fedha, wakati mwingine kwa vitu kama alivyolipwa mzee.

Ndugu zangu, butura ni msafara wa Kafuro uliorudi kwa mlango wa nyuma. Mmoja ana madaftari mawili: anajua sukari imemgharimu kiasi gani, na anakadiria kahawa itafika kiasi gani msimu ukifunguliwa. Mwingine ana njaa na mtoto wa shule.

Hukumu yake inategemea sura yake, basi tuzipambanue.

Sura ya kwanza: kuuza maua ya mibuni hii au matunda ya shamba hili kabla hayajaanza kuiva, yaachwe mtini mpaka msimu. Hili Mtume (SAW) alilikataza, akamkataza muuzaji na mnunuzi wote wawili. Na akaeleza sababu kwa maana hii: Allah akizuia matunda yasitoke, utaichukua mali ya ndugu yako kwa haki gani? Mvua ya mawe ikipiga Ihangiro, mnyauko ukiingia, mmoja kalipia hewa. Kahawa ikizaa sana, mwingine katoa mali yake bure.

Sura ya pili: kuchukua chakula leo kwa kahawa ya kesho, kama sukari na mchele wa mzee wetu. Mtume (SAW) amefundisha katika hadithi ya Ubada bin Swaamit kuhusu dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi: kwa jinsi moja iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono; jinsi zikitofautiana, uzeni mpendavyo, lakini mkono kwa mkono. Mashafii, ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, wanasema sababu katika vile vinne ni kuwa ni chakula, na kahawa kwao inaingia humo. Kwa hiyo sukari kwa kahawa papo hapo, kilo moja kwa kilo tatu, hakuna ubaya. Sukari leo na kahawa miezi mitano ijayo, hapo ndipo riba ya kuchelewesha inapoingia. Mzee aliuliza riba itaingilia wapi kama hakuna hela. Jibu: iliingilia kwenye kusubiri. Riba haihitaji noti.

Sura ya tatu: salam. Huu ni mlango wa halali, na ni rehema. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipana mapema kwa matunda ya mwaka na miaka miwili. Hakuwafungia. Aliwawekea masharti: kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, muda unaojulikana. Basi mnunuzi akikupa fedha yote leo, mkaandika kilo kadhaa za maganda makavu ya sifa fulani, tarehe fulani, bila kuifunga kwenye miti yako maalumu, hiyo ni salam. Anayenunua atapata nafuu kidogo ya bei kwa sababu ametanguliza fedha, na hilo limeruhusiwa. Hata madaftari ya watoto, kwa kuwa si chakula, yanaweza kuwa malipo ya salam kama masharti mengine yametimia.

Lakini tahadhari. Kutimiza masharti ya karatasi hakukupi ruhusa ya kumkamua aliyebanwa na shida. Unajua mtoto wake anaumwa, unajua hana pa kwenda, unampa nusu ya nusu ya bei na unasema "Shehe kasema salam ni halali". Shehe hakusema hivyo. Mtume (SAW) amefundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa; wakificha na kudanganya, baraka inafutwa. Kipimo chako ni hiki: ungekubali umwambie unachojua?

9. NILIVYOMSHAURI MZEE

Nilimwambia rudi kwa mwenye duka, kaeni kama ndugu, mfute yale madebe manne. Pigeni hesabu ya sukari na mchele kwa shilingi. Iwe bei moja inayojulikana, hata ikiwa imezidi kidogo bei ya taslimu kwa sababu ya kungoja, kwani hilo wanazuoni wengi wamelijuzisha, ila isiongezeke tena ukichelewa. Kahawa yako ikiiva, ichume imeiva, ianike vizuri, iuze kwa yeyote unayemtaka kwa bei ya siku hiyo, kisha mlipe shilingi zake. Mtume wetu (SAW) mwenyewe alinunua chakula kwa kucheleweshewa malipo, akaweka rehani deraya yake ya chuma. Kukopa chakula si aibu.

Yaani, weka fedha katikati. Kama tende za Khaybar.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na mimi nitakuwa na daftari." Nikamwambia, naam, mzee wangu. Hicho ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo.

Na kwenu wenye maduka na wanunuzi wa kahawa, ndugu zangu wapenzi: mna nafasi ambayo Ahmed bin Ibrahim alikuwa nayo. Mnakutana na watu ambao huenda hawajawahi kumsikiliza shehe yeyote, lakini wanaisoma dini yenu kwenye debe lenu. Na kwenu misikiti: kama kila msikiti ungekuwa na mfuko mdogo wa mkopo mwema wa mwezi wa Januari, ni kahawa ngapi isingeuzwa ikiwa maua? Wajumbe wa kamati, lijadilini Ijumaa hii baada ya swala. Msisubiri tajiri kutoka nje.

Mwenye jambo lake mahususi amwendee mwalimu wa karibu yake amweleze kwa undani, maana sura za mikataba ni nyingi na hukumu hubadilika kwa neno moja.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Zibariki kahawa zetu, migomba yetu na vipimo vyetu. Waliodhulumiwa katika njia zile za zamani, Wewe ndiye unayewajua kwa majina, warehemu. Na usitufanye sisi kuwa wadhulumaji wa njia mpya. Aamiin.

Wallahu a'lam.

Ukiona lina faida, mfikishie mkulima mmoja na mwenye duka mmoja. Wasome pamoja.